Kabla Hujamsajili Mfungaji Bora: Mwongozo kwa Makocha na Viongozi wa Timu wa Mbinga na Nyasa

Mashindano yakimalizika Mbinga mjini au Mbamba Bay, jina la mfungaji bora huvuma kuliko la timu iliyochukua kombe. Kesho yake katibu wa timu jirani ameshatafuta namba yake ya simu, na kabla wiki haijaisha wanachama wanachangishana: huyu katoa ya kahawa, yule ya usipa. Fedha hiyo ni jasho la watu, na anayeishika anapaswa kujiuliza jambo moja kabla ya kuitoa. Mabao aliyofunga kijana huyu jana yanasema nini kuhusu atakayofunga msimu ujao?

Yanasema kitu, ila kidogo kuliko tunavyoaminishwa na kelele za uwanjani. Ndani ya bao moja mna mguu wa mfungaji, pasi ya mwenzake, uzembe wa beki, hali ya uwanja na bahati ya siku ile. Mchezaji anapohama, anahama na mguu wake tu. Kazi yako wewe mwalimu unayeteua kikosi cha UMISSETA, kocha wa timu ya kata au kiongozi wa usajili, ni kupima mguu huo ni upi na yaliyobaki ni ya nani.

Ligi Kuu inafundisha nini

Anza na orodha ambayo wapenzi wengi wa soka wanaijua. Msimu wa 2018/19 Meddie Kagere wa Simba aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mabao 23. Msimu uliofuata akafunga 22 na kutwaa tena kiatu cha mfungaji bora. Mwaka 2020/21 kiatu kikaenda kwa John Bocco wa Simba kwa mabao 16, kisha kwa George Mpole wa Geita Gold kwa mabao 17. Mwaka 2022/23 Fiston Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza, aliyeanza msimu Geita Gold na kuumalizia Simba, walilingana kwa mabao 17. Akafuata Stephane Aziz Ki wa Yanga kwa mabao 21, na mwaka 2024/25 Jean Charles Ahoua wa Simba kwa mabao 16.

Misimu saba, na aliyerudia ni Kagere peke yake. Naye msimu wa tatu alishuka hadi mabao 13. Hakuwa amesahau kufunga: umri ulikuwa umevuka miaka 30, na nafasi alikuwa akigawana na Bocco na Chris Mugalu. Kiongozi ambaye kila mwaka angemwaga fedha kwa mwenye kiatu cha msimu uliopita, akitarajia kiatu kingine, angevunjika moyo karibu kila mara.

Ila tazama orodha hiyo kwa jicho la pili. Mwaka Mpole anachukua kiatu kwa mabao 17, Mayele alikuwa nyuma yake kwa bao moja tu. Msimu uliofuata Mayele akafunga 17 kwenye ligi, na juu ya hapo akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, Yanga ikifika fainali. Akahamia Pyramids ya Misri, na Juni 2025 akafunga katika fainali ya marudiano dhidi ya Mamelodi Sundowns, Pyramids ikatawazwa bingwa wa Afrika. Simpunguzii Mpole sifa yake. Kufunga mabao 17 ukiwa Geita Gold, timu isiyo na uwezo wa kifedha wa Simba wala Yanga, ni kazi kubwa. Ninachotaka ukione ni hiki: tofauti ya bao moja kati ya wa kwanza na wa pili haina uzito wowote, bali kuwa miongoni mwa watatu wa juu misimu miwili mfululizo kuna uzito mkubwa. Kwa hiyo ukiletewa jina la mfungaji bora wa mwaka huu, uliza mara moja: mwaka jana alishika nafasi ya ngapi? Na yule aliyekuwa wa tatu mwaka jana na wa pili mwaka huu, yuko wapi? Mara nyingi huyo wa pili anapatikana kwa bei nafuu, na hakuna anayemgombea.

Hesabu ya kufanya kabla ya kikao

Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alichapisha vipimo vya urefu wa wazazi na watoto wao. Aligundua kwamba watoto wa wazazi warefu sana huwa warefu, lakini kwa kawaida hawawafikii wazazi wao; wanarudi kidogo kuelekea urefu wa watu wengi. Ndivyo ilivyo kwa kila kinachopimwa kikiwa na sehemu ya uwezo na sehemu ya bahati, na mabao ni hivyo hivyo. Aliyefunga kupita kiasi katika mashindano ya wiki mbili alikuwa na uwezo, na pia alikuwa na bahati. Msimu ujao uwezo atakuja nao, bahati hana pa kuibeba.

Basi chukua kalamu. Kwanza toa penalti zote kwenye mabao ya kila mchezaji unayemfikiria, kwa sababu mpiga penalti huteuliwa, na kwenye timu yako huenda mpigaji akawa mwingine. Pili, tafuta mshambuliaji wa kawaida wa ligi yenu hufunga kwa kiwango gani. Tuseme ni bao 1 kila mechi 3. Tatu, mkopeshe kila mchezaji mechi 12 za huyo mshambuliaji wa kawaida, yaani mabao 4, uyajumlishe na yake.

Kijana wa kwanza alifunga mabao 6 katika mechi 5 za mashindano ya kata, na mji mzima unamzungumzia. Ukimkopesha, ana mabao 10 katika mechi 17, yaani karibu bao 0.59 kwa mechi. Wa pili hakuwahi kuimbwa. Amecheza mechi 30 za ligi ya wilaya kwa misimu miwili na kufunga mabao 20. Ukimkopesha, ana mabao 24 katika mechi 42, karibu 0.57. Kwa macho ya mashabiki, wa kwanza anamzidi mwenzake karibu mara mbili. Kwa hesabu hii wako sawa, na tena wa pili una hakika naye zaidi kwa sababu umemwona katika mechi 30.

Sasa mtazame wa tatu, yule anayeniuma roho zaidi. Kaitwa kujaribiwa, kacheza mechi 3, hakufunga hata bao moja, na viongozi wamesema arudi kwao Lituhi. Ukimkopesha, ana mabao 4 katika mechi 15, karibu 0.27 kwa mechi, wakati mshambuliaji wa kawaida ana 0.33. Yuko chini kidogo tu! Mechi 3 hazitoshi kumwinua mtu, na hazitoshi kumtupa. Vijana wangapi wa mwambao huu wameacha mpira kwa hukumu ya mechi 3?

Namba 12 si amri. Ligi yenu ikiwa na timu zinazopishana sana kwa uwezo, mabao yanategemea zaidi mpinzani na bahati ya siku, hivyo ongeza mechi za mkopo ziwe 15 au zaidi. Muhimu ni wote wakopeshwe kipimo kile kile, hata mtoto wa mwenyekiti.

Nani alikuwa anamlisha

Hesabu ile haiwezi kukuonyesha jambo moja kubwa: mchezaji alikuwa kati ya nani na nani. Hapa mfano wetu ni Mbwana Samatta. Akiwa TP Mazembe alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, timu yake ikatwaa ubingwa. Akaenda Genk ya Ubelgiji, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa. Nyuma yake na pembeni walikuwepo watu kama Ruslan Malinovskyi na Leandro Trossard, timu ikishambulia muda mwingi wa mechi.

Januari 2020 akahamia Aston Villa, timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja katika Ligi Kuu ya England. Alifunga dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, na Machi mosi akafunga katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Lakini katika mechi 14 za ligi bao lilibaki moja lile. Mtu ni yule yule na kichwa chake hatari ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba Villa ilikuwa ikishinda langoni kwake ikijilinda, mipira ya kumfikia ikawa michache na ikawa ya kubahatisha. Alipokwenda PAOK ya Ugiriki alikuwa tena kwenye timu ya kutawala mpira, na mwaka 2024 akapata ubingwa mwingine.

Leta hilo nyumbani. Mshambuliaji anayetupia mabao kwenye timu ya mjini Mbinga yenye mawinga wawili wa krosi, ukimleta kwenye timu yako inayopiga mpira mrefu na kuomba, usimlaumu akikauka. Kabla ya kumsajili, kaa na aliyeangalia mechi zake, mwandike kwenye daftari mabao yake kumi ya mwisho, kila bao na chanzo chake: krosi, pasi ya kupenyeza, kona, mpira uliotemwa na kipa, au alioutafuta mwenyewe kwa kupokonya. Kisha uliza timu yako inatengeneza mipira ya namna gani. Akiwa mtu wa krosi na wewe huna winga, sajili winga kwanza.

Na chunguza kama bao lilifungwa dhidi ya timu kamili. Mashindano ya mbuzi na ya kombe la diwani yana mamluki. Timu moja ina watu wanne waliokodiwa kutoka Songea, nyingine imekamilisha kumi na mmoja kwa kumwita golikipa aliyekuwa akichunga. Mabao matano katika mechi ya namna hiyo yaandike kama bao moja, basi.

Mlima, mchanga na mwezi

Jambo hili wenye viwanja vya nyasi za mijini hawalifikirii, nasi tunaishi nalo. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko juu zaidi ya mita 1,300, na vijiji vya Umatengo vinapanda zaidi ya hapo. Barabara ya kushuka Mbamba Bay unaimaliza kwa muda mfupi, lakini mapafu hayazoei kwa kasi ya gari. Kijana wa Liuli aliyepandishwa Mbinga asubuhi na kuchezeshwa jioni kwenye baridi usimpime kwa mechi hiyo. Wa mlimani naye akishushwa kwenye joto la ziwani, kipindi cha pili utamwona ameshika kiuno. Mpe kila mmoja walau mechi kadhaa katika hali mpya kabla ya kusema ameshindwa.

Uwanja nao una lugha yake. Kwenye mchanga wa mwambao pasi ya chini hufa njiani, hivyo vijana wanajifunza kuinua mpira, kukokota na kutumia nguvu za miguu. Kwenye viwanja vya milimani vyenye mteremko, timu inayoshambulia kuelekea chini hufunga mabao ya mbio. Andika kila bao lilifungwa kipindi gani na upande upi. Mfungaji ambaye mabao yake yote ni ya kushuka mteremko, muulize atafanya nini kwenye uwanja wa Majimaji pale Songea, uliosawazishwa.

Halafu kuna kazi. Wavuvi wa usipa huingia ziwani usiku wakiwa na taa, na taa hufanya kazi vizuri siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, wengi hupumzika. Mchezaji mvuvi aliyekesha ziwani na kucheza alasiri ni mtu wa nusu nguvu. Mchezaji huyo huyo, wiki ya mwezi mpevu, atakuonyesha uwezo wake wote. Kocha asiyelijua hili ataandika kwamba kijana "hana msimamo", kumbe kinachobadilika ni mwezi. Weka kalenda ya mwezi kwenye daftari lako. Milimani, fanya hivyo hivyo kwa msimu wa kuchuma kahawa, miezi ya katikati ya mwaka, wakati kijana ameinama shambani tangu alfajiri na kubeba magunia jioni. Kama rekodi yake ya mwezi Julai ni mbaya na ya Februari ni nzuri, tatizo halipo kwenye mguu. Na kama timu ina fedha ya usajili, pengine kiasi kidogo cha kufidia usiku mmoja wa ziwani kitaleta mabao zaidi kuliko kumnunua mgeni.

Kiungo mchezeshaji ni mgumu zaidi kumpima

Mshambuliaji ana mabao yake; kiungo mchezeshaji ana nini? Wengi wanahesabu pasi zilizozaa bao, na hapo wanampima mfungaji, si mpasiaji. Kama kiungo kapenyeza mipira mitano safi na mshambuliaji kaipaisha yote, daftari linaonyesha sifuri.

Wamarekani wanapambana na tatizo hili kwa fedha nyingi. Katika mpira wao wa miguu na mikono kuna mchezaji mmoja anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua amrushie nani au ampe nani akimbie nao. Timu nzima inamtegemea. Klabu zinamtazama akiwa chuo kikuu, zinarekodi kila mechi, zinaajiri watu wa kumchambua, kisha zinachagua kwa zamu. Mwaka 2000 Tom Brady alichaguliwa akiwa wa 199, na alistaafu akiwa na ubingwa wa ligi hiyo mara 7. Mwaka 2007 JaMarcus Russell, aliyeng'ara chuoni, alichaguliwa wa kwanza kabisa. Baada ya misimu mitatu hakucheza tena ligi hiyo. Kule chuoni mchezaji analindwa na wenzake wakubwa na hodari, ana muda wa kutazama. Akipanda ngazi muda ule unatoweka, na hapo ndipo unajua kama alikuwa na macho au alikuwa na ulinzi.

Kwa hiyo kiungo wako mtazame wakati amekabwa. Kaa kando ya uwanja na watu wawili. Mmoja ahesabu mara ambazo amepokea mpira mtu akiwa mgongoni mwake, na mara ngapi mpira huo umefika kwa mwenzake. Mwingine ahesabu pasi zilizomweka mwenzake ndani ya kumi na nane, bao liingie lisiingie, na mipira aliyopokonywa kwenye nusu ya timu yake. Fanya hivyo mechi tano. Haya ni mambo anayoyarudia mara nyingi kila mechi, kwa hiyo mechi tano zinakupa picha ya kuaminika kuliko pasi mbili za mabao kwa msimu. Kwa mshambuliaji vilevile: mara anazofika kwenye nafasi ya kupiga shuti zinatabiri mabao yajayo kuliko mabao yenyewe. Anayefika mara sita kwa mechi na kukosa, mvumilie. Anayefika mara moja na kufunga, furahi naye, lakini usijenge timu juu yake.

Umri wa kweli

Kwa mwalimu wa shule, mtego mkubwa ni mwili. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA tunapiga kelele kuhusu vijeba, na ni haki, maana kijeba anamnyang'anya mtoto nafasi. Lakini hata bila udanganyifu, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka mmoja wanachezea kundi moja, na katika umri wa miaka 13 miezi hiyo kumi na moja ni misuli na kimo. Anayefunga kwa kuwazidi wenzake mbio na mabega atakamatwa wakikua. Mtafute mdogo wa umbo ambaye bado anaupata mpira: amelazimika kutumia akili, na akili hiyo itabaki naye atakaporefuka. Ukiandika ripoti ya wachezaji, andika mwezi wa kuzaliwa pembeni ya jina.

Kuhusu majeraha nitasema kifupi. Goti au kifundo kilichowahi kuumia vibaya kinatabiri kesho kuliko bao lolote, kwa hiyo muulize mchezaji kwa upole, faragha, na umweleze kwamba hutamkata kwa kusema kweli. Ukimtisha atakuficha, na mtaumia wote.

Siku ya kikao

Kikao cha usajili kikiitwa, nenda na karatasi moja kwa kila mchezaji: mechi na dakika alizocheza, mabao bila penalti, hesabu ya mkopo, vyanzo vya mabao, kazi anayofanya na umri wake. Wazee wataleta hadithi ya bao aliloliona kila mtu. Wasikilize, wamefika uwanjani miaka mingi kuliko wewe, kisha waombe watazame karatasi kabla ya kupiga kura. Makubaliano yaandikwe kwa msimu mmoja wenye nafasi ya kuongezwa, sehemu ya malipo itolewe mwanzoni na nyingine kadiri anavyocheza. Na majina ya vijana mliowaacha msiyachane. Yahifadhini kwenye daftari, mwiteni kila mmoja wao tena baada ya miezi sita, na nauli ya kuja kujaribiwa mara hiyo ya pili itoke kwenye mfuko wa timu.